Major Taylor: Bingwa wa Dunia Aliyenyimwa Tairi la Kufuata

Ukiuliza pale kantini ni mwanamichezo gani mweusi aliyeanza kuitikisa dunia, wengi watakutajia Muhammad Ali. Mzee mmoja wa mwaka wa nne atajifanya anajua zaidi, atamtaja Jesse Owens wa Berlin 1936. Wapenzi wa ngumi watarudi nyuma mpaka kwa Jack Johnson, aliyetwaa ubingwa wa uzito wa juu mwaka 1908. Sawa, wote hao wanastahili. Lakini miaka 9 kabla ya Johnson, mwezi Agosti 1899, kijana wa miaka 20 kutoka Marekani alishinda ubingwa wa dunia wa mbio za maili moja kule Montreal, Kanada. Hakuwa na glavu wala viatu vya kukimbilia. Alikuwa juu ya baiskeli. Jina lake Marshall Walter Taylor, na ulimwengu ulimfahamu kama Major Taylor. Katika orodha ya mabingwa weusi wa dunia alikuwa ametanguliwa na bondia George Dixon tu.

Namleta hapa kwa ajili ya jambo dogo ambalo sisi wachache tunaokuja chuo kwa baiskeli tunakutana nalo kila asubuhi, nalo ni adabu ya kukaa nyuma ya mwendesha baiskeli mwenzako ili akukinge upepo. Utasema hilo nalo ni jambo la kuandikia? Subiri. Maisha ya Taylor, ukiyatazama vizuri, karibu yote yanahusu swali hilohilo: nani anaruhusiwa kukaa nyuma ya nani.

Kwanza tuelewane. Ukiwa kwenye tambarare na unaendesha kwa kasi ya maana, kinachokula nguvu zako kuliko kitu kingine chochote ni hewa. Wewe huioni, lakini unaisukuma kwa kifua na mabega muda wote. Akitokea mtu mbele yako, yeye ndiye anayeipasua. Wewe nyuma unapita kwenye mwanya aliokwisha kuufungua. Ukimkaribia vya kutosha unaokoa kiasi cha robo ya nguvu zako, wakati mwingine theluthi. Yaani jamaa jasho linamtiririka, wewe unapiga mluzi. Kwa lugha yetu ya hapa chuoni, unabebwa. Ni sawasawa na yule wa kwenye asaimenti ya kikundi ambaye jina lake lipo ukurasa wa kwanza, lakini maktaba hakuonekana hata siku moja.

Waendesha baiskeli wa nchi nyingi wamejiwekea desturi kuhusu jambo hili, na hazihitaji polisi. Ukimfikia mtu usiyemjua, mjulishe kwamba upo nyuma yake, salamu inatosha. Akionekana hapendi, mpite au ubaki mbali. Usiingize tairi lako la mbele ubavuni mwa tairi lake la nyuma, kwa sababu akiyumba kidogo tu anayeanguka ni wewe. Aliye mbele asishike breki ghafla, na akiona shimo aonyeshe kwa mkono. Halafu ile kubwa kuliko zote: ukibebwa, na wewe ubebe. Baada ya muda pita mbele, mwenzako apumzike. Tatizo la desturi hizi ni kwamba zote zinachukulia kuwa aliye mbele na aliye nyuma wanaonana kama watu sawa. Taylor aliishi mahali ambapo sharti hilo halikuwepo.

Alizaliwa tarehe 26 Novemba 1878, Indianapolis, jimbo la Indiana, mmoja wa watoto 8. Wazazi wake walikuwa wametokea Kentucky, na baba yake, Gilbert, alikuwa amepigana upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Baada ya vita alikuwa mwendesha gari la farasi wa familia moja ya Kizungu yenye uwezo, akina Southard. Familia hiyo ilikuwa na mtoto wa kiume wa rika la Marshall, Daniel, na wale watoto wawili wakawa marafiki wa kufa na kuzikana. Marshall alihamia nyumbani kwao, akasoma na Daniel, akacheza naye, akavaa kama yeye. Humo ndimo alimopatia baiskeli yake ya kwanza. Tatizo lilianza pale akina Daniel walipokwenda kucheza kwenye jengo la mazoezi la YMCA, naye akazuiwa mlangoni kwa sababu ya rangi yake. Rafiki zake walikuwa ndani, yeye nje. Alikuwa bado mtoto, na kwa maelezo yake mwenyewe ya baadaye hapo ndipo alipoonja jambo hilo kwa mara ya kwanza.

Akina Southard walihamia Chicago, Marshall akarudi kwa wazazi wake. Baiskeli akabaki nayo. Akaifanyia kazi ya kusambaza magazeti, na katika muda wa ziada akajifunza michezo: kupanda kinyumenyume, kusimama juu ya kiti, na mingineyo. Duka moja la baiskeli mjini, Hay and Willits, likamwajiri afagie asubuhi na mchana afanye vituko vyake mbele ya duka ili kuvuta wateja. Alifanya hivyo akiwa amevalia sare ya kijeshi, ndiyo maana wakambandika cheo cha Meja. Hakuwahi kuwa mwanajeshi. Akiwa mvulana wa miaka kama 13 mwenye duka alimsukumia kwenye mbio za maili 10, kwa utani tu, ili watu wacheke. Alishinda. Watu waliacha kucheka.

Sasa fika nami mwaka 1895, kwenye mbio za barabarani za maili 75, sawa na kilomita 120 hivi, kutoka Indianapolis hadi mji wa Matthews. Taylor alikuwa na miaka 16. Waandaaji walijua kwamba wengine wakimwona mapema hawatakubali kukimbia naye, kwa hiyo kushiriki kwake kulifanywa siri. Bunduki ilipolia aliwaacha waondoke kwanza, kisha akatokea na kuwafuata kwa nyuma kimyakimya, amejibanza kwenye kinga ya upepo ya kundi lililokuwa halijui kama yupo. Hebu fikiria hali hiyo: anabebwa na watu ambao wangejua wangemtupa chini. Na walipogundua, ndivyo ilivyokuwa. Matusi yakaanza, vitisho vikafuata. Kijana akaona hapa usalama haupo nyuma, upo mbele. Akachomoka peke yake, akaingia kwenye upepo na mvua na kukanyaga pedali kwa hofu. Washindani wote wengine waliishia njiani. Aliyefika Matthews ni mmoja tu.

Nadhani siku ile ilimfunza namna ya kuendesha baiskeli maisha yake yote, na somo lenyewe lilikuwa chungu. Mwendesha baiskeli yeyote mwenye akili anajificha nyuma mpaka dakika ya mwisho. Yeye alilazimika kufanya kinyume.

Mwaka huohuo aliondoka Indianapolis pamoja na Louis Munger, Mzungu aliyewahi kuwa mshindani na sasa alikuwa mtengenezaji wa baiskeli. Munger ndiye aliyeona kipaji chake na kusema wazi kwamba atamfanya bingwa, hata pale wenzake walipomnunia kwa kumweka karibu kijana mweusi. Walihamia Worcester, Massachusetts. Huko mlango wa YMCA ulikuwa wazi kwake, na mji ukampenda. Pana mtaa huko unaitwa George Street, mlima mkali ajabu, ambao Taylor aliupanda kwa baiskeli kama mazoezi. Mpaka leo watu wa Worcester hushindana kuupanda kwa kumkumbuka. (Wale mnaolalamikia mlima wa kuja Mlimani kutoka Mabibo, mnasikia?)

Desemba 1896 akaingia kwenye mbio za kulipwa, ukumbini Madison Square Garden, New York. Alianza kwa kuwashinda mabingwa wa siku hizo katika mbio fupi ya nusu maili. Kisha akajitosa kwenye mbio za siku 6 mfululizo, mchana na usiku, kila mtu peke yake, kulala kwa kuibia. Ilikuwa ni ukatili kuliko michezo. Kufikia mwisho akili ilikuwa inamhama, anaona mtu asiyekuwepo anamkimbiza na kisu. Alimaliza wa 8, akiwa ametembea maili 1,732, zaidi ya kilomita 2,700. Miaka 18 tu.

Hapa lazima nieleze jinsi mbio za uwanjani zilivyokuwa, maana ndipo mambo ya tairi yanapochanganyika na mambo ya rangi. Katika mbio fupi, wachezaji hukaa mmoja nyuma ya mwenzake, na anayejua kuvizia hutoka nyuma ya kinga ya upepo mita chache kabla ya mstari na kumpita aliyechoka kwa kumtangulia. Kama mko wengi, mnaweza kupanga. Mmoja anakaa mbele ya Taylor, mwingine ubavuni, wa tatu nyuma. Basi, amefungiwa kama yuko ndani ya sanduku: mbele hapiti, pembeni hatoki, na ndani kuna ukingo wa uwanja. Wakati huo mshirika wao wa nne anaondoka kwenda kuchukua ushindi, na zawadi wanagawana baadaye. Na katika mbio ndefu, ambako desturi ni kupokezana kukaa mbele, wenzake walipokezana wao kwa wao. Zamu yake ya kupumzika haikufika.

Sheria za mchezo zilikataza kuangushana. Hazikuweza kumlazimisha mtu akukinge upepo. Ndiyo maana njia hii ilikuwa nzuri sana kwa mwenye chuki: unamwonea mtu hadharani, na ukiulizwa unajibu kwamba ni mbinu za mchezo tu.

Taylor akapata dawa mbili. Ya kwanza ilikuwa mwondoko wake. Aliweza kutoka kasi ya kawaida hadi kasi kubwa kwa mipigo michache ya pedali, na mwanya wa upana wa mabega ukijitokeza, tayari ameshapita. Ya pili ni ile niliyoitaja: kwenda mbele mapema na kukaa huko. Alikubali kupasua upepo mwenyewe kwa sababu mbele hakuna anayeweza kukufungia. Hata usukani wa baiskeli yake aliusogeza mbele na chini kwa kipande cha chuma, ili mgongo ulale na hewa ipite juu. Kipande hicho baadaye kilichukua jina lake. Watu walidhani ni mtindo. Ukweli, huyo ni mtu aliyejua hakuna mgongo wa mwenzake utakaomkinga, akaamua kujikunja.

Si kwamba vyombo rasmi havikujua. Mwaka 1894 chama kikubwa cha waendesha baiskeli wa Marekani, League of American Wheelmen, kilipitisha kanuni kwamba wanachama wawe watu weupe tu. Kanuni hiyo haikuzuia mtu mweusi kushindana, na kupitia mwanya huo Taylor aliendelea. (Chama kilichokirithi kiliifuta rasmi mwaka 1999. Ndiyo, 1999.) Lakini msimu wa 1897 viwanja vya Kusini vilimkatalia kabisa, akakosa pointi za ubingwa wa taifa. Septemba mwaka huo, Taunton, Massachusetts, alipomaliza mbio mbele ya mtu aitwaye William Becker, Becker alimvuta kutoka kwenye baiskeli na kumkaba koo mpaka akazimia. Polisi ndio waliomwokoa. Becker alidai Taylor alimbana njiani. Adhabu? Faini ya dola 50, na akarudi mchezoni.

Tukio ambalo mimi nalitafakari kuliko hata lile la Taunton ni dogo zaidi, wala halikutokea kwenye mashindano. Mapema mwaka 1898 Taylor alikwenda Savannah, jimbo la Georgia, kufanya mazoezi sehemu yenye joto. Siku moja, akiwa barabarani peke yake, aliwafikia Wazungu watatu waliokuwa kwenye baiskeli moja ndefu ya watu watatu. Baiskeli ya namna hiyo ina kasi na inapasua upepo vizuri mno, kwa hiyo akakaa nyuma yao, kama ambavyo yeyote kati yetu angefanya. Wakamwambia waziwazi kwamba wao hawamkingi upepo mtu mweusi. Yeye akawapita, akawaonyesha kasi yake. Baada ya hapo akapata barua iliyochorwa fuvu la kichwa na mifupa, inampa saa 48 awe ameondoka mjini. Aliondoka.

Mtu mmoja niliyemsimulia habari hii aliniambia kwamba pengine kosa la Taylor ni kutoomba ruhusa. Hoja hiyo nimeipima, siioni. Wale watatu hawakuhesabu hata kidogo kama amewasalimia au la. Kama tatizo lingekuwa adabu, lingeishia palepale barabarani. Mtu hatumiwi fuvu la kichwa kwa kusahau salamu. Adabu ya barabara inasema mwenye tairi la mbele ana haki ya kukataa, na haki hiyo mimi naitetea: hujalazimika kumbeba usiyemjua. Lakini akikataa kwa sababu ya ngozi ya huyo aliye nyuma, basi ameichukua desturi njema na kuifanya uzio.

Tuje huku kwetu kidogo. Asubuhi barabarani kuna yule jamaa wa mikate mwenye tenga kubwa nyuma, na yule mzee wa mkaa mwenye magunia mawili. Mgongo wa mzee wa mkaa ni kinga ya upepo ya daraja la kwanza, na nimeona wanachuo wenye baiskeli nyepesi, zimenunuliwa bumu lilipotoka, wamejibanza nyuma yake kimya, wakifika kwenye mteremko wanampita bila hata kumtazama. Mzee yule hawezi kuja kukaa nyuma yako. Mzigo haumruhusu, na wewe hutamsubiri. Pia breki zake ni za kubahatisha na nyuma haoni. Siwalinganishi hao na watu wa Savannah, ni mambo tofauti kabisa. Ila mtu ambaye huwezi kumpa zamu yake, walau msalimie na umwachie nafasi. (Kuhusu wale wanaoshika nyuma ya lori, sina la kusema. Mmarekani mmoja, Charles Murphy, mwaka 1899 alifuata nyuma ya treni na kumaliza maili moja kwa sekunde zisizofika 58. Lakini yeye aliwekewa mbao katikati ya reli na treni ilijua kama yupo. Lori halijui.)

Turudi kwa Taylor. Kulikuwa na aina moja ya mbio ambayo wenzake hawakuwa na namna ya kumnyima kinga ya upepo, nayo ni mbio za rekodi. Siku hizo mshindani alilipiwa watu wa kumtangulia, wakiwa kwenye baiskeli za watu wanne au watano, na baadaye mashine zenye injini. Kampuni za baiskeli na matairi ziligharimia, kwa sababu rekodi ilikuwa tangazo. Pesa ilipoamua kwamba Taylor akingwe upepo, alikingwa, na matokeo yakaonekana. Mwaka 1898 alimshinda Jimmy Michael wa Wales, aliyesifika kuliko wote kwa mbio za kufuata wakingaji. Novemba 1899, Chicago, nyuma ya mashine ya mvuke, alimaliza maili moja kwa dakika 1 na sekunde 19. Hiyo ni zaidi ya kilomita 70 kwa saa, kwa baiskeli isiyo na gia wala breki. Mtu huyo, angepewa zamu ya haki kila siku, sijui angefika wapi.

Kati ya rekodi hizo ukaja ule ubingwa wa Montreal niliouanza nao. Mwaka 1900 akawa bingwa wa mbio fupi wa Marekani, na akanunua nyumba Worcester katika mtaa wa watu wenye uwezo. Majirani walipojua mwenye nyumba ni nani walijaribu kuinunua tena kutoka kwake. Hakuuza.

Mwaka 1901 Ulaya ikamwita. Ilikuwa imemwita kabla, lakini kulikuwa na kikwazo: Taylor alikuwa Mbaptisti wa kweli na hakushindana Jumapili, wakati huko Jumapili ndiyo siku yenyewe. Alikataa fedha nyingi kwa ajili hiyo. Mwishowe Wafaransa wakanyoosha mikono, wakampangia siku za katikati ya wiki, na bado viwanja vilijaa. Mpinzani mkuu alikuwa Edmond Jacquelin, bingwa wa dunia wa mwaka uliotangulia, na walikutana Parc des Princes, Paris, mwezi Mei. Siku ya kwanza ilikuwa baridi na Jacquelin akashinda, kisha akamfanyia Taylor ishara ya dharau puani mbele ya umati. Siku kumi na kitu baadaye wakarudiana. Taylor alishinda mizunguko yote miwili, akatoa kibendera kidogo cha nchi yake na kukipeperusha. Nchi yenyewe ndiyo ile ya barua ya fuvu.

Mnaona ni kwa nini Ulaya alifurahi? Sehemu ni kwa sababu hoteli zilimpokea na magazeti yalimpenda. Lakini sehemu nyingine ni hesabu tu. Mbio za Ulaya nyingi zilikuwa za mtu kwa mtu. Mkiwa wawili, hakuna sanduku. Kila mmoja anataka kukaa nyuma ya mwenzake, mnaviziana, mnakwenda polepole mpaka mnakaribia kusimama, halafu mnafyatuka. Ni mchezo wa haki kwa sababu hakuna wa tatu wa kushirikiana naye.

Australia ilikuwa mchanganyiko. Alikwenda mara mbili akiwa na mkewe Daisy, waliyeoana 1902, na umma ulimpokea vizuri mpaka binti yao aliyezaliwa huko mwaka 1904 wakampa jina la Sydney. Lakini safari ya pili walikuwepo Wamarekani wawili wakali, Floyd McFarland na Iver Lawson, na sanduku likarudi. Melbourne, Lawson alimkata njia, Taylor akaanguka vibaya na kulazwa; Lawson alifungiwa. Waliporejea Marekani kupitia San Francisco walipata shida hata ya hoteli ya kulala. Mwili ulikuwa umechoka, moyo umechoka. Akakaa bila kushindana kwa zaidi ya miaka miwili, akarudi Ulaya 1907 na kuonyesha makali bado yapo, kisha 1910 akaacha kabisa akiwa na miaka 31.

Sehemu inayofuata wanachuo mtaielewa kuliko wasomaji wengine. Baada ya kustaafu aliomba kusoma uhandisi katika chuo cha ufundi cha Worcester, mjini kwake. Walimkatalia kwa sababu hakuwa na cheti cha sekondari. Mtu aliyebuni vyombo vya baiskeli yake mwenyewe, aliyeitumia mashine hiyo kuliko binadamu yeyote wa zama zake, amekosa cheti. Akajaribu biashara ya matairi ya chuma yenye kunepa, akatia fedha zake nyingi humo, zikapotea. Nyumba ikauzwa, vito vya mkewe vikauzwa, afya ikadhoofika. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alichapisha kitabu cha maisha yake kwa gharama zake, kinene, na akawa anakiuza mlango kwa mlango. Waliomjua wanashangaa jinsi kitabu hicho kilivyo na uchungu kidogo.

Mwaka 1930 alitengana na Daisy. Akaenda Chicago, akakaa YMCA ya watu weusi, na vitabu vyake. Alifariki tarehe 21 Juni 1932 katika wodi ya masikini ya hospitali ya Cook County, umri miaka 53. Hakuna aliyejitokeza kuuchukua mwili. Alizikwa kwenye makaburi ya Mount Glenwood, upande wa wasio na kitu, bila alama.

Mwaka 1948 kikundi cha wazee waliokuwa washindani wa baiskeli wa zama hizo walipata habari ya mahali alipolala. Mtengenezaji wa baiskeli, Frank Schwinn, akatoa fedha. Wakamfukua, wakamhamishia sehemu nzuri zaidi ya makaburi yaleyale, wakaweka bamba la shaba lenye jina lake.